Mita ngapi kwa ngapi? Namna ya kupima na kulinganisha ukubwa wa ardhi mjini Goma

Ukiulizia parseli (kiwanja) Goma, iwe Himbi, Ndosho au kule Mugunga, jibu la kwanza huwa "kumi na tano kwa ishirini" au "ishirini kwa ishirini na tano". Hapo bado hujaambiwa ukubwa. Umetajiwa urefu wa pande mbili tu, na parseli ina pande nne, mara nyingine tano au sita, na kona zake ni nadra kunyooka, yaani kuwa nyuzi 90. Ukubwa unapatikana kwa kupima, kisha kila kitu kugeuzwa kuwa mita za mraba. Unahitaji dekameta (utepe wa kupimia) ya mita 30 au 50, kamba, mambo (vigingi) za mbao, karatasi, na simu yenye kikokotoo chenye alama ya √. Mwenzako mmoja wa kushika upande wa pili wa dekameta ni lazima.

Vipimo na namna vinavyoandikwa

Eneo la mita 1 kwa 1 ni mita moja ya mraba, na kwenye hati zetu linaitwa sentiari. Mita 10 kwa 10 ni ari moja, yaani m² 100. Mita 100 kwa 100 ni hekta moja, yaani ari 100 au m² 10,000. Kilomita moja ya mraba ni hekta 100.

Angalia kwamba kila ngazi inapanda mara 100. Upande ukiongezeka mara kumi, eneo linaongezeka mara mia. Upande ukiongezeka mara mbili, eneo linaongezeka mara nne. Kosa linalorudi kila siku ni la nusu hekta: mtu anasema "nusu hekta, hamsini kwa hamsini". Hamsini kwa hamsini ni m² 2,500, robo hekta. Nusu hekta ni mita 50 kwa 100, au mraba wenye upande wa mita 70.71. Anayelipia nusu hekta akapewa hamsini kwa hamsini amepoteza nusu ya pesa yake, hata kama muuzaji hakukusudia kumdanganya.

Kwenye certificat d'enregistrement (hati ya umiliki) na kwenye PV (ripoti rasmi) ya kupima na kuweka mipaka, eneo huandikwa kwa vipande: hekta, ari, sentiari, na mwishoni sehemu za mia za sentiari zenye alama ya %. Kwa hiyo "03 a 92 ca 80%" ni m² 392.80. Hiyo asilimia haihusu bei wala sehemu ya umiliki. "03 a 05 ca" ni m² 305, lakini "ari 3.5" ni m² 350, wengi huzichanganya hizo mbili, na tofauti yake ni mita 45 za mraba, yaani nafasi ya vyumba vitatu vya kawaida.

Kuwa mwangalifu pia na nukta na mkato. Hati za Kongo zinafuata uandishi wa Kifaransa, ambapo mkato unatenga sehemu ndogo: 392,80 ni mia tatu tisini na mbili na sehemu. Karatasi zinazotoka Kampala au Nairobi zinafanya kinyume, mkato unatenga maelfu. Ukiona "1,250" bila kujua karatasi imetoka wapi, uliza kabla ya kuzidisha.

Na ukizungumza na mtu aliyezoea mambo ya Uganda au Kenya, "hamsini kwa mia" yake huwa ni futi. Futi moja ni mita 0.3048, kwa hiyo kiwanja hicho ni mita 15.24 kwa 30.48, sawa na m² 464.5. Kwa masikio ya Goma hamsini kwa mia ni m² 5,000, zaidi ya mara kumi. Ekari, nayo, ni m² 4,047 hivi; hekta moja ina ekari 2.47.

Kupima parseli ya pembe nne

1. Tafuta kona kwanza. Mawe ya mpaka, zile borne za kadasta (ofisi ya serikali ya upimaji wa ardhi), ndiyo kona za kweli. Ua wa miti, seng'enge au ukuta wa jirani si kona hadi wenye parseli za pande zote wakubali mbele ya shefu wa avenue (kiongozi wa mtaa). Pale ambapo lava ya Nyiragongo ilipita Januari 2002, ikafunika karibu asilimia 13 ya mji, mawe ya zamani yako chini ya mwamba na watu wamejenga juu yake. Sehemu kama hizo usikisie. Mpima wa kadasta ndiye anayeweza kurudisha kona kutoka kwenye mchoro.

2. Kagua dekameta. Baadhi zinaanza sifuri kwenye ncha ya kipete, nyingine sentimita kadhaa ndani ya utepe. Za kitambaa huvutika zikizeeka, na kuna zilizokatika mwanzo zikafungwa fundo. Ilinganishe na mita ya chuma ya fundi kwa mita 5 za kwanza, kisha mita 5 za katikati. Kosa la asilimia 1 kwenye urefu huwa karibu asilimia 2 kwenye eneo, kwa sababu linaingia kwenye pande zote mbili.

3. Zipe kona herufi A, B, C, D kwa kuzunguka, na uchore umbo hata kama mchoro wako ni mbaya. Pima AB, BC, CD na DA. Dekameta ivutwe mpaka inyooke, isilale juu ya mawe wala kuzunguka mti. Upande ukizidi urefu wa dekameta, funga kamba kona hadi kona na uweke mambo katikati ya njia, la sivyo mstari utapinda na urefu utaongezeka.

4. Pima kona kwa kona: A hadi C, halafu B hadi D. Hiki ndicho kipimo ambacho karibu kila mtu anakiruka, na ndicho kinachobeba ukweli wa umbo. Pande nne peke yake haziamui ukubwa. Parseli yenye pande 15, 25, 15 na 25 ikiwa na kona zilizonyooka ina mita 29.15 kutoka kona hadi kona, na eneo lake ni m² 375. Isukume kidogo ilale upande, pande zibaki zilezile lakini A hadi C iwe mita 22, na eneo linashuka hadi m² 327.3. Mita 47 za mraba zimepotea bila upande wowote kupungua hata sentimita moja. Kwenye kartie (mitaa) zilizokatwa kufuata barabara za mshazari, parseli zilizolala namna hiyo ni nyingi.

5. Sasa mstari wa A hadi C umegawa parseli kuwa pembetatu mbili. Kwa kila pembetatu: jumlisha pande tatu ugawe kwa 2, jibu hilo liite N. Toa kila upande kwenye N, upate namba tatu. Zidisha N kwa namba hizo tatu zote, kisha bonyeza √. Hilo ndilo eneo la pembetatu.

Tuseme AB ni 14.60, BC 26.20, CD 17.30, DA 23.50, na A hadi C ni 28.40. Pembetatu ya kwanza ina pande 14.60, 26.20 na 28.40, jumla 69.20, N ni 34.60. Ukitoa unapata 20.00, 8.40 na 6.20. Zidisha 34.60 × 20.00 × 8.40 × 6.20, jibu 36,039.36, kipeuo chake cha pili ni 189.84. Pembetatu ya pili ina 28.40, 17.30 na 23.50, N tena ni 34.60, na ukitoa unapata 6.20, 17.30 na 11.10. Kipeuo kinatoka 202.96. Jumla ni m² 392.80, yaani ari 3 na sentiari 92 na 80%.

6. Rudia hesabu kwa kutumia B hadi D. Kwa mfano huu urefu wake ni 30.47, na hesabu inatoa 392.82. Tofauti ya mita za mraba 0.02 haina neno. Zikitofautiana kwa mita 3 au 4 za mraba, kuna upande mmoja umesomwa vibaya; rudi uwanjani, usichukue wastani.

Kuna njia ya mkato inayotumiwa sana: wastani wa mbele na nyuma, mara wastani wa pande mbili za ubavuni. Kwa mfano wetu inatoa 396.36. Fahamu kitu kimoja kuhusu njia hiyo: kwa parseli yoyote ya pembe nne ambayo si mstatili kamili, jibu lake huzidi ukweli. Haipungui kamwe. Kosa linaangukia mnunuzi kila mara, ndiyo maana muuzaji anaipenda na mnunuzi hana sababu ya kuikubali.

Parseli ya pembe tano au sita haibadilishi kazi, unaongeza tu pembetatu. Pale ambapo upande umepinda, kama ukingo wa ziwa au wa bonde, vuta kamba iliyonyooka ndani ya parseli, na kila baada ya mita 5 pima kutoka kwenye kamba hadi ukingoni kwa kona iliyonyooka. Kamba ya mita 20 yenye vipimo 3.0, 4.2, 5.0, 4.4 na 3.2: cha kwanza na cha mwisho unavijumlisha na kugawa kwa 2, unapata 3.1, ongeza 4.2, 5.0 na 4.4, unapata 16.7, zidisha kwa 5. Kipande hicho ni m² 83.5.

Unene wa ukuta usiupuuze. Kama 15 kwa 20 imepimwa nje ya ukuta wa mawe wenye unene wa sentimita 40, ndani kunabaki 14.20 kwa 19.20, m² 272.64. Mita 27 za mraba ziko chini ya mawe. Kubalianeni kwanza mpaka unapita wapi: uso wa nje, katikati ya ukuta, au uso wa ndani. Vilevile njia ya kuingilia. Parseli ya nyuma yenye kichochoro cha mita 2 kwa 18 ina m² 36 ambazo hutajenga juu yake. Uliza kama zimehesabiwa, na kama jirani anapita hapo.

Mteremko

Sehemu kubwa ya Goma ni tambarare, hivyo watu wengi hawalifikirii hili mpaka wanunue Bukavu. Ukubwa unaoandikwa kwenye hati ni wa ardhi ikiwa imelazwa, kama inavyoonekana kutoka juu kabisa. Ukipima mita 30 ukifuata mteremko unaopanda mita 10, urefu halisi wa hati ni mita 28.28. Kwa upana wa mita 15, wewe unahesabu m² 450, kadasta itaandika 424. Hakuna aliyeibiwa hapo, ila mtu asiyejua huanza ugomvi.

Kupima mahali penye mteremko, fanya ngazi: shikilia dekameta ikiwa imelala sawa na maji, mwenzako wa chini aiinue hadi kifuani, aangushe uzi wenye jiwe hadi ardhini, hapo mnaweka mambo na kuendelea kipande kingine. Vipande vya mita 3 hadi 5 vinatosha. Virefu zaidi dekameta inalegea katikati na kusoma zaidi ya kilichopo. Kwa kusawazisha, mpira wa maji wa fundi mwashi unafanya kazi vizuri kuliko jicho.

Simu: lini inafaa, lini inapotosha

Programu za kupima eneo kwa kutembea kuzunguka shamba zinategemea GPS ya simu, na GPS ya simu mahali pa wazi hukosea kwa mita 3 hadi 5. Karibu na kuta na mapaa ya mabati hukosea zaidi. Chukua kosa la mita 3 kila upande. Shamba la mita 100 kwa 100 huko Rutshuru linasomeka 103 kwa 103, m² 10,609, zidisho la asilimia 6. Linavumilika kwa kukadiria mbegu. Parseli ya 15 kwa 20 inasomeka 18 kwa 23, m² 414 badala ya 300. Hiyo ni asilimia 38. Kwa hiyo simu ni ya mashamba na malisho. Parseli ya mjini inapimwa kwa dekameta.

Ukitumia simu shambani, simama kila kona kwa dakika moja hivi kabla ya kuweka alama, na zunguka shamba mara mbili kwa nyakati tofauti. Kama kifaa kinakuuliza ukanda wa UTM (mfumo unaogawa dunia katika kanda za ramani), Goma, Bukavu na Lubumbashi zote ziko ukanda wa 35 Kusini. Ukikutana na koordineti za nyuzi zenye desimali, kwetu huku karibu na ikweta namba ya tano baada ya nukta ni sawa na mita 1.1 hivi. Koordineti yenye desimali tatu tu inakuonyesha kartie, haikuonyeshi parseli.

Pasipo dekameta wala simu, tumia hatua zako, lakini zihesabu kwanza kwenye urefu unaojulikana. Ukitembea mita 50 kwa hatua 68, hatua yako ni mita 0.735. Hatua za haraka ni ndefu kuliko za kawaida, basi tembea ulivyozoea.

Kulinganisha parseli mbili

Geuza kila moja kuwa m², kisha gawa bei kwa m². Tuseme ya kwanza ni m² 300 kwa dola 12,000, ya pili m² 500 kwa dola 17,500. Ya kwanza ni dola 40 kwa mita ya mraba, ya pili 35. Ya pili ina bei kubwa lakini ardhi yake ni nafuu.

Usiishie hapo, maana m² sawa hazina matumizi sawa. 15 kwa 20 na 10 kwa 30 zote ni m² 300. Ya kwanza inazungukwa na mita 70 za ukuta, ya pili mita 80. Mita 10 za ukuta ni mawe, saruji na siku za fundi. Na kwenye upana wa mita 10, ukiacha mita 2 kila ubavu, nyumba inabaki na upana wa mita 6, ambapo kwenye mita 15 inabaki na 11. Mimi ningelipa zaidi kidogo kwa parseli yenye mbele pana kuliko iliyorefuka kama mkanda, na mafundi wengi wa ujenzi watakuambia hivyohivyo.

Kwa kuona eneo kwa macho, uwanja wa mpira wa kimataifa wa mita 105 kwa 68 ni m² 7,140, karibu robo tatu ya hekta. Viwanja vya 15 kwa 20 vinaingia humo 23 na masalio, kabla ya kukata barabara.

Kutoka hekta hadi nchi

Ukiwa na ramani ya karatasi, soma skeli. Kwenye mchoro wa 1/1,000, sentimita 1 ni mita 10, na sentimita moja ya mraba ni ari 1. Kwenye 1/500, sentimita moja ya mraba ni m² 25. Kwenye ramani ya 1/50,000, sentimita 1 ni mita 500, na sentimita moja ya mraba ni hekta 25. Mchoro uliotolewa fotokopi na kupunguzwa haufuati tena skeli iliyoandikwa. Tafuta mstari wa skeli uliochorwa, huo hupungua pamoja na ramani.

Mji wa Goma una km² 75 na ushee, yaani hekta 7,500 hivi. Hifadhi ya Virunga ina km² 7,800 hivi: inaumeza mji huu zaidi ya mara mia. Kivu Kaskazini ni km² 59,483 na Rwanda km² 26,338. Mkoa wetu ni mara 2.26 ya jirani. Kulinganisha ni kugawa. Kutoa kunakupa namba kubwa isiyokuambia kitu.

Kabla ya kugawa, hakikisha pande zote mbili zimehesabiwa kwa namna moja. Tanzania ina karibu km² 945,000 ukijumlisha maziwa, na kama 60,000 za hizo ni maji. Ukiweka jumla ya nchi moja dhidi ya nchi kavu ya nyingine, umelinganisha vitu viwili tofauti. Ndivyo ilivyo pia kwa Ziwa Kivu: km² 2,700 zinazotajwa mara nyingi ni pamoja na visiwa, na maji peke yake ni pungufu ya hapo.

Usilinganishe nchi kwa kuangalia ramani ya ukutani darasani. Nyingi zimechorwa kwa mtindo wa Mercator wa 1569, uliotengenezwa kwa ajili ya mabaharia. Unatunza pembe za safari, lakini unavimbisha ardhi kadiri unavyokwenda mbali na ikweta: kwenye latitudo ya 60 eneo linaonekana mara 4 ya ukubwa wake, na kwenye 72 zaidi ya mara 10. Ikweta inapita Kongo, hivyo haivimbi sana. Ndiyo sababu Greenland, yenye km² 2,166,086, inachorwa ikikaribia Afrika nzima, wakati Kongo yenye km² 2,344,858 inaizidi, na Afrika ni mara 14 ya Greenland. Ubelgiji, kwa km² 30,528, inaingia Kongo karibu mara 77. Ukitaka mwanafunzi alione hilo, mpe tufe na karatasi nyembamba: afuatishe Greenland kwa penseli, akate, kisha aihamishie juu ya Kongo.